Kabla hujaiweka ile kadi kwenye kamera

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi mzima, hofu ni kwako wewe na hiyo kadi yako. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, nikasema nitajibu kesho, kesho zikafuatana. Jana usiku nimeirudia, na nilipofika pale ulipoandika kwamba umepata kadi ya kumbukumbu ya GB 512 ya kamera yako mpya kwa bei ya kutupa, na kwamba harusi yote ya Mwanaidi utaipiga kwenye hiyo moja ili usihangaike kubadilisha, usingizi ukaniruka. Basi naandika alfajiri hii. Habari za Tunu na za ile kesi ya nyumba utazikuta chini huko, hili haliwezi kungoja.

Hongera kwanza kwa kamera. Umeingoja muda mrefu na najua ulivyojinyima. Ndiyo maana inaniuma: tunakaa miezi tukilinganisha kamera na lenzi, tunauliza huyu na yule, halafu kadi tunaiokota dakika ya mwisho kama kiberiti. Na picha haikai kwenye lenzi, Rehema. Inakaa kwenye kile kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 2.1.

Nikueleze kwa nini nimeshikilia hivi. Sijamweleza mtu vizuri, hata Zuberi nilimdokezea tu.

Unakumbuka Baba alipokuja kukaa kwangu ile wiki, mwaka juzi. Nilikuwa nimenunua kadi ya GB 256, rahisi kama yako, imefungwa vizuri na ina jina la kampuni inayojulikana. Nikaiweka kwenye kamera, ikanionyesha kwamba picha maelfu zitaingia. Kompyuta nayo ikakubali ukubwa huo bila kusita. Nikampiga Baba picha wiki nzima: akinyoa ndevu, akirekebisha kile kiti, akisinzia na gazeti kifuani. Kila picha niliiona kwenye kioo cha kamera mara tu baada ya kuipiga. Siku aliyoondoka nikazihamishia kwenye kompyuta. Za siku ya kwanza na ya pili zilifunguka. Kuanzia hapo, nyingine nusu yake ni kijivu, nyingine jina la faili lipo na ndani hamna kitu.

Kadi ilikuwa feki. Ndani mlikuwa na chipu ndogo, na kidhibiti chake kilikuwa kimechezewa. Kidhibiti ni ile saketi ndani ya kadi inayopanga kipi kiandikwe wapi, na ndicho kinachoiambia kamera ukubwa wa kadi. Kamera haina namna ya kuhakikisha, inaamini inachoambiwa. Nafasi ya kweli ikishajaa, kadi inaendelea kuitikia "nimeandika" huku inatupa, au inaandika juu ya zile za mwanzo. Na picha niliyokuwa naiona kwenye kioo ilikuwa inatoka kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera yenyewe, kabla haijathibitika kwamba imefika kwenye kadi. Nikapeleka kwa fundi. Nikajaribu mwenyewe na PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa picha zilizofutwa. Hazikurudi. Hazikuwa zimefutwa, hazikuwahi kuandikwa.

Na Baba, unajua yaliyofuata.

Sasa tuje kwenye GB 512 yako. Huenda ni nzima kabisa, siisingizii. Lakini usiiamini kwa sura, wala kwa kuona kompyuta inataja ukubwa wake. Ijaze yote, kisha isome yote. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Mac au Linux kuna F3. Zinaandika data hadi kadi inafika ukingoni, halafu zinaisoma tena na kulinganisha kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Kwa kadi kubwa hivyo itachukua saa kadhaa, iache usiku ulale. Ikitoka na kosa hata moja, hata dogo, irudishe kwa aliyekuuzia na usikubali akuambie uifomati tu, yaani uifute yote uanze upya. Ila usishtuke kompyuta ikikuonyesha GB 476 na ushee badala ya 512. Huo si wizi. Watengenezaji wanahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024, tofauti ndiyo hiyo.

Kwa kadi nyingine utakazonunua, na utazinunua, nakuomba sana, nunua kwa muuzaji ambaye kampuni yenyewe inamtambua. Kadi nzuri inayouzwa nusu ya bei ya wenzake ina jambo.

Hata ikifaulu mtihani, sitaki iwe peke yake siku hiyo. Faili moja ya RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaichakata, kwenye kamera ya megapikseli 24 kama yako inakula kama MB 25 hadi 30. Kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya picha 2000. Ukiwa nazo nne unapiga siku nzima bila kubana, na moja ikikuangusha umepoteza sehemu, hujapoteza harusi. Najua utakachosema, kwamba kubadilisha kadi nako kuna hatari, inaweza kudondoka, inaweza kuchanganywa na iliyokwisha kutumika. Ni kweli na mimi nimelifikiria. Ndiyo maana nasema tumia matundu yote mawili. Kamera yako ina tundu mbili za kadi, umeliona hilo? Ingia kwenye menyu, itakuwa imewekwa kwamba ya kwanza ikijaa ihamie ya pili. Ibadilishe ili kila picha iandikwe kwenye zote mbili kwa pamoja. Ukubwa wa kadi unaokutia moyo huo, mimi ningeubadilisha na nakala ya pili bila kufikiri mara mbili. Jambo moja tu: zikiandika pamoja, kadi iliyo taratibu ndiyo inayoamua mwendo wa zote, kwa hiyo zichukue zinazolingana.

Mwendo wenyewe nao unapoteza watu. Ile namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Wewe unahitaji kasi ya kuandika, tena ile ya chini kabisa ambayo kadi inaahidi kutoshuka. Hiyo inaonyeshwa na V30, V60 au V90: V30 haitaandika chini ya MB 30 kwa sekunde, na alama ya U3 ni hivyo hivyo. Ukirekodi video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 tu, kwa sababu biti 8 ndizo baiti moja. V30 inakutosha na inabaki. Usimpe mtu pesa ya V90 kwa sababu ya fahari. Na ukiiona kadi yenye safu mbili za vile vibati vya shaba nyuma, hiyo ni UHS-II, kizazi cha pili cha kadi za kasi, inaweza kufika MB 312 kwa sekunde, lakini kwenye kamera ya UHS-I, kizazi cha kwanza, itakwenda kwa mwendo wa zamani, usiozidi 104. Haitaharibika, utakuwa tu umelipia kitu usichotumia.

Kuhusu kudumu, ulichouliza mwishoni mwa barua yako, kwamba kadi inakufa baada ya miaka mingapi, nimekifikiria sana. Memori hii ya flash, ambayo Fujio Masuoka aliibuni akiwa Toshiba kwenye miaka ya 1980, inatunza data kama chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli ndogo ndogo. Kila unapoandika na kufuta, ule utando unaoifungia chaji unalika kidogo. Seli iliyotengenezwa kubeba biti moja inavumilia sana, inayobebeshwa tatu au nne inachoka mapema, na kadi zetu nyingi ni za hao wanaobebeshwa. Lakini mpiga picha kama wewe, anayejaza kadi mara moja kwa wiki, ni nadra kuumaliza uhai huo. Kinachoua kadi zetu ni kidhibiti kuharibika, vibati kuchakaa, na plastiki kupasuka.

Hapo ndipo pa kuangalia unapochagua. Kadi nyingi za SD, yaani aina hii yetu, ni maganda mawili yaliyogandishwa, nazo huachia ubavuni. Vile viukuta vyembamba kati ya vibati huvunjika. Kale kafuli ka pembeni kakilegea, kanateleza wakati unaingiza kadi, kamera inakwambia imefungwa, na bwana harusi anaingia mlangoni. Kale kafuli, kwa taarifa yako, hakaifungi kadi kwa ndani. Ni kipande cha plastiki tu ambacho kamera inakitazama na kukitii. Siku hizi zipo kadi zilizomiminwa kipande kimoja, bila viukuta na bila kafuli. Ghali kidogo, na kwangu hizo ndizo za kazi. Zile ndogo za simu zinazovalishwa adapta, ziache nyumbani siku hiyo: umeongeza mguso mwingine ambao unaweza kukosa kushika. Zuberi atakwambia CompactFlash zake, zile kadi pana za aina ya zamani, ndizo chuma. Gamba ni gumu kweli, ila pini 50 ziko ndani ya kamera, na ikipinda moja ni kamera inayokwenda kwa fundi, si kadi. Mwambie nimesema.

Sijui kama nakuchosha. Yaliyobaki ni mazoea tu. Fomati kadi ndani ya kamera, siyo kwenye kompyuta, na fanya hivyo baada ya kuhakikisha nakala zimefunguka. Usiichomoe wakati ile taa inawaka. Betri ikikaribia kuisha ibadilishe mapema, maana kamera ikizimika katikati ya kuandika inaweza kuharibu orodha nzima ya faili. Weka kadi kwenye kikasha kigumu, na iliyotumika igeuze kifudifudi ili usikosee. Na ukiona picha zimepotea, acha kupiga hapo hapo. Picha iliyofutwa imeondolewa kwenye orodha tu, yenyewe bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na hapo PhotoRec inasaidia kweli.

Kisha uzitoe humo. Kadi si kabati. Chaji inavuja polepole, na joto linaiharakisha, kwa hiyo kuifungia kwenye droo miaka kumi ukidhani umehifadhi, hapana. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeieneza ile kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumba. Mimi sasa naifuata hata kwa picha za mchezo. Usiku huo huo wa harusi, kabla hujavua viatu, nakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na kadi usizifute mpaka Mwanaidi ameziona zote.

Tunu amefaulu, anaanza mwezi ujao, na amekusalimia. Kesi imeahirishwa tena. Mengine tukionana.

Sasa nijibu, tena usinilipize kwa kukaa kimya. Ile kadi uliinunua kwa nani, na kifungashio bado unacho? Umeshaijaza yote hata mara moja, au umeipigia picha chache tu ukaona inafanya kazi? Kamera umeiangalia kama tundu zote mbili zinafanya kazi? Harusi bado ni tarehe ile ile? Ukitaka, nitumie hiyo kadi niijaribu mwenyewe, au nikuazime zangu mbili, nimeshazipima. Na Mwanaidi anajua kwamba ni wewe peke yako unayepiga, au kuna mwingine?

Na kuna hili, nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Ile Jumatano ulipopita kwangu ukamkuta Baba barazani na kile kiti, ulitoa simu ukampiga picha. Nakumbuka alikukatalia kwanza, halafu akacheka. Ilikuwa siku ya nne, kwenye kadi yangu siku hiyo haipo. Ile simu yako ya zamani bado unayo? Inawaka? Tafadhali itafute, hata kama picha imetoka na ukungu, na kabla hujanitumia inakili kwanza mahali pengine.

Ni mimi wako,
Saida