Deiwaka naye ana nyimbo zake

Ndugu Mhariri,

Hivi kwa nini kila mkiandika habari za mpiga gitaa mkongwe wa studio lazima muanze na watu aliowapigia? Ile makala yenu ya David Bromberg, mpiga gitaa mkongwe wa Marekani, imejaa mwanamuziki Bob Dylan juu, Dylan katikati, halafu George Harrison wa Beatles, mpaka mtu anafika mwisho hajui huyo mzee mwenyewe anaimba nini. Sikatai, kweli kapiga kwenye albamu za Dylan, Self Portrait na New Morning, zote za 1970, na hizo kazi za udeiwaka, yaani kuwapigia wengine gitaa studio kwa malipo, ndo zilimlisha, lakini mtu hakati tiketi akasikilize sivii.

Mambo yenyewe yako stejini jamani. Mwaka huohuo wa 1970 alienda tamasha la Isle of Wight kule Uingereza kumsindikiza mwimbaji Rosalie Sorrels kwa gitaa, basi, msindikizaji tu, ikaishia kapewa nafasi apige na yeye vitu vyake na umati wote ule ukamwelewa, akapata na mkataba wa kurekodi kwa jina lake. Hilo hamkuliandika kabisa!

Halafu yale maneno yake. Chukueni wimbo wa Mr. Bojangles, alioutunga mwimbaji Jerry Jeff Walker, gitaa kwenye rekodi ya 1968 alipiga Bromberg, sawa, ila sikilizeni anavyoiimba mwenyewe laivu kwenye albamu yake Demon in Disguise ya 1972, anafika katikati anaacha kuimba, vidole vinaendelea chini kwa chini wala havina haraka, anaanza kupiga stori jinsi alivyozunguka na Walker, jinsi Walker alivyowekwa ndani kule New Orleans akakutana na yule mzee mcheza dansi, we unasikiliza tu umesahau kama huu ni wimbo, ghafla yuko kwenye ubeti tena. Studio ya watu nani atakuruhusu ufanye hivyo, saa zinahesabika na wimbo una mwenyewe.

Na upigaji wake msiuchukulie poa. Kafundishwa na Reverend Gary Davis, yule mchungaji kipofu aliyekuwa anatumia dole gumba na kidole cha shahada tu, gumba linashika besi cha shahada kinaimba, ukifumba macho unadhani wako wawili. Ndo maana mtu kama huyo anaweza kukaa peke yake na gitaa kavu na usichoke. Mwaka 1980 alipoona amechoka na safari aliacha bendi akaenda Chicago kusomea kutengeneza fidla, nani anafanya hivyo siku hizi? aliporudi na albamu ya Try Me One More Time mwaka 2007 alirudi hivyohivyo, yeye na gitaa, hakubeba jina la mtu.

Na sisi mashabiki tuna letu, kuna wale wanaopiga kelele aimbe hiti za watu wengine wakati mzee anatyuni nyuzi, sijui wanajifunzia wapi, ila nahisi ni kwenye makala kama zenu.

Mkiandika tena shoo ya mkongwe wa aina hii tuambieni kaimba nini, kapiga peke yake au na bendi, na fundi mitambo kaiacha sauti ya gitaa isikike au kaifunika na besi. Dylan mpeni ukurasa wake.

Msomaji wenu, mpenzi wa gitaa kavu