Yakhe, anza na risasi kwanza

Wete, Pemba

Yakhe, assalamu alaykum,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho niko jamvini nageuza karafuu, na naona unaanzia mkiani. Unataka kuundisha bunduki yako, unaniuliza ununue akshoni gani, ule mwili wa chuma unaobeba boliti, na hujanambia bunduki itakula risasi gani. Risasi ndo inayoamua akshoni iwe na urefu gani na uso wa boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, uwe na upana gani, sio kinyume chake.

Umesema huko Texas unataka kupiga vyuma vya shabaha mpaka mita 1,000, kuwinda hukutaja. Basi chukua risasi ya 6.5 Creedmoor. Ile .308 Winchester naipenda, ipo tangu 1952 na mtutu wake unadumu, lakini ikikaribia mita 900 imeshachoka, kasi inashuka chini ya ile ya sauti na upepo unaichezea utakavyo. Hii 6.5 kampuni ya Hornady waliitoa 2007, kichwa chake kirefu chembamba kinashika kasi yake mbali. Wewe mtoto wa mvuvi, unajua kusi likivuma omo huielekezi pale unapokwenda, unaipeleka joshini kidogo, basi na shabaha ndo hivyo hivyo, ila kwa 6.5 hicho kidogo kinapungua.

Magnam, zile risasi za baruti nyingi, achana nazo. .300 Win Mag inakupiga bega, inakula mtutu, na urefu wake kama milimita 85 unataka akshoni ndefu na boliti yenye uso mpana zaidi. Creedmoor ni 71 hivi, akshoni fupi inatosha.

Sasa akshoni. Tafuta fupi yenye umbo la Remington 700, bunduki iliyotoka 1962, maana vitako, triga na magazini vya umbo hilo vinatengenezwa na watu wengi, hukosi. Uso wa boliti wa milimita 12 unapokea 6.5, .308 na .243, kwa hiyo mtutu ukishachakaa, baada ya risasi 2,000 mpaka 3,000 hivi, unafunga mwengine na akshoni ni ile ile. Pesa yako iweke hapo yakhe, darubini nzuri itafuata.

Na usidanganywe na risasi za ajabu ajabu. Nilipokuwa bara na kampuni ya uwindaji alikuja mteja na bunduki ya kuchongesha, nzuri mno, risasi zake zikapotea kwenye mizigo, tukazunguka mji mzima hapana hata moja, siku zake zote akawinda na bunduki ya kuazima. Uso wake siusahau.

Mwambie fundi msokoto wa mtutu, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, uwe mzunguko mmoja kila inchi 8. Na kabla hujalipa nitumie picha ya boliti kwa mbele, nataka niyaone yale meno yanayoifungia kwenye akshoni yanavyoshika.

Mama yako mzima, juzi nilimpelekea muhogo, anasema umpigie Ijumaa.