Yadi 5 haziniumizi, futi 4 ndizo zinazoniumiza

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Nairobi aliandika katika ukurasa huu akilalamikia mpira mpya wa gofu unaokuja. Anaona wachezaji wa kulipwa wamefanya makosa yao ya kupiga mbali kupita kiasi, na sasa sisi wachezaji wa ridhaa tunaadhibiwa pamoja nao. Aliandika kwa uchungu, na uchungu wake nauelewa. Lakini sikubaliani naye hata kidogo, na naomba nafasi nieleze.

Mimi nina miaka 58. Handikepu yangu, yaani mikwaju ninayopunguziwa kwa raundi, ni 17. Kazi yangu ni kupitisha mizigo bandarini, na kila Jumamosi alfajiri huwa niko kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa hapa Mombasa, pale juu ya mlango wa bahari wa Likoni, ambapo meli hupita karibu mno hata unasoma jina lake ukiwa umeshika fimbo.

Kwanza tujue kilichoamuliwa ni nini. Desemba 2023, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, ambao ndio watunga sheria za gofu duniani, walitangaza kubadili kipimo cha mpira. Mpira hupigwa na mashine, nao haupaswi kupita yadi 317, pamoja na yadi 3 za kuvumiliwa. Hadi sasa mashine hiyo imekuwa ikipiga kwa kasi ya maili 120 kwa saa. Kipimo kipya ni maili 125. Kikomo cha umbali ni kilekile, ila pigo ni kali zaidi, kwa hiyo mpira unaofaulu leo kwa kubahatisha utaanguka mtihani. Watunga sheria wenyewe walikadiria kwamba wanaopiga kwa kasi kubwa kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, na mchezaji wa wikendi yadi 5 au pungufu. Tangazo lile liliwapa wachezaji wakubwa wa mashindano hadi Januari 2028, na sisi wengine hadi Januari 2030.

Yadi tano, ndugu yangu. Kusi likianza kuvuma mwezi wa Mei hunichukulia yadi 30 kwa pigo moja, na linaendelea hivyo hadi Septemba. Nimecheza nalo miaka yote hii. Halijaniharibia mchezo; limenifundisha kupiga mpira chini, mikono ikiishia kifuani, mpira ukaenda kama ndege anayeruka juu ya maji. Siwezi kuogopa yadi tano.

Tena mabadiliko haya yalichelewa. Mpira ukizidi kwenda mbali, viwanja vinalazimika kuufuata. Pale Augusta, Marekani, shimo la 13 lilirefushwa kwa yadi 35 likafika 545 kabla ya mashindano ya Masters ya 2023, na ili kupata nafasi hiyo walinunua ardhi ya klabu jirani. Wao wanaweza. Uwanja wetu una bahari upande mmoja na barabara upande wa pili. Hauna pa kwenda. Na hata palipo na nafasi, kila yadi inayoongezwa ni nyasi za kukatwa na maji ya kumwagiliwa, na sote tunaoishi Mombasa tunajua maji yalivyo.

Lakini hilo silo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Kinachoniuma ni kwamba tumefundishwa kuipenda yadi kuliko kuupenda mchezo, na nasema hivi kwa sababu nami nilifundishika.

Mwanzoni mwa 2024 nilinunua draiva mpya, ile fimbo ya kupigia mbali kabisa, kwa shilingi 58,000. Muuzaji, ambaye simtaji, alinihakikishia nyongeza ya yadi 20. Niliipenda ile fimbo. Kichwa chake cheusi, kikubwa kama yai la mbuni, sauti yake ikigonga mpira hadi walioko kwenye grini ya jirani, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, wanageuka. Mwaka huohuo, kwa kuwa kazi yangu ni ya hesabu na karatasi, nikaanza kuandika daftarini kila mkwaju niliopiga na mahali nilipoupigia. Si alama za jumla tu, kila mkwaju. Nilifanya hivyo kwa raundi 38 za mashimo 18.

Daftari lilinionyesha hivi. Wastani wangu ulikuwa mikwaju 91. Kati ya hiyo, 37 ilipigwa grini, mpira ukiwa tayari unalitazama shimo. Mingine 15 hivi niliipiga nikiwa ndani ya yadi 50. Jumla ni mikwaju 52, zaidi ya nusu ya mchezo wangu wote, na hakuna hata mmoja wa hiyo nilioupiga kwa fimbo ya shilingi 58,000. Draiva niliishika mara 12 au 13 kwa raundi. Iliniongezea yadi nane, si 20, na handikepu yangu ilimaliza mwaka pale ilipoanzia.

Jedwali lililonikosesha usingizi lilikuwa la mipira ya futi nne kutoka shimoni. Urefu huo ni mdogo kuliko kitanda cha mtoto. Nilikuwa nakosa karibu nusu. Mwaka mzima nilikuwa nafikiria namna ya kupiga mbali zaidi, na hakuna siku hata moja niliyofika mapema nikakaa nusu saa kwenye grini ya mazoezi na mipira mitatu.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema hayo ni ya wanyonge, wakubwa hushinda kwa nguvu. Basi na aikumbuke Masters ya Aprili 2025. Rory McIlroy ni miongoni mwa wanaopiga mbali kabisa duniani, na ni mmoja wa wakubwa waliounga mkono mpira huu mpya. Siku ya mwisho, akiongoza, alisimama shimo la 13 akiwa na yadi zisizofika 90 mbele yake, eneo wazi, fimbo fupi mkononi, akautia mpira kwenye kijito. Shimo la 18 akawa na mpira wa futi tano hivi kutwaa ubingwa, akaukosa. Mkononi mwake alikuwa na taji alilolitafuta miaka mingi, likaponyoka kwa urefu wa hatua mbili. Wakarudi yeye na Justin Rose kucheza shimo la nyongeza, na kilichomshindia ni pigo la fimbo fupi lililotua futi chache kutoka shimoni, kisha akaumaliza. Niliyatazama hayo usiku nikiwa sebuleni, mke wangu amelala, nami machozi yananitoka. Anguko lake na wokovu wake vyote vilikuwa karibu na shimo.

Sasa niwapeleke uwanjani kwetu, Jumamosi moja ya Juni mwaka jana. Kundi letu lilikuwa na kijana, mchezaji mzuri, mwenye fimbo zote 14 ambazo sheria inaruhusu na ile darubini ya miale inayopima umbali. Alipima: yadi 148 hadi bendera. Akachukua chuma namba 8, kama anavyoona wakubwa wakifanya kwenye televisheni. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, nguo zimetubana mwilini. Mpira wake ulipanda vizuri mno, ukasimama angani, ukarudi nyuma ukaanguka bankani, lile shimo la mchanga, yadi 25 kabla ya grini. Mimi nilikuwa na umbali uleule. Kedi wangu, mbeba mfuko wangu wa fimbo, ambaye tumejuana miaka 20, hakutazama darubini. Alichuma nyasi kidogo akaziachia, akazitazama zikimpita begani. Kisha akatazama meli iliyokuwa inaingia, moshi wake umelala ubapa juu ya maji. Akanipa chuma namba 5.

"Nusu tu, mzee. Usiushinde upepo, pita chini yake."

Nikapiga nusu. Mpira ulikwenda chini, ukadunda mara mbili mbele ya grini, ukapanda taratibu. Futi nne. Na nilikuwa nimefanya mazoezi ya futi nne tangu Januari.

Maarifa yale ya kedi hayauzwi dukani, na ndiyo yananifikisha kwenye jambo ambalo nataka wasomaji wa gazeti hili walifikirie. Kila mwaka mashindano ya Kenya Open yakikaribia, tunaulizana kwa nini Mkenya hajayashinda tangu yaanze mwaka 1967. Jacob Okello alikaribia sana mwaka 1998, akamaliza wa pili. Kila mara nasikia jibu lilelile, kwamba vijana wetu hawana vifaa. Mimi siamini. Nimewahi kwenda Muthaiga kutazama, nikatembea kamba kwa kamba na wachezaji wetu. Kutoka tii, pale pigo la kwanza linapopigwa, hawaachwi. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, mpira unaruka. Kule hata chuma changu namba 7 kinakuwa kama namba 6. Vijana wetu wanaachwa grini. Grini za wiki ile hukatwa chini na kukazwa hadi mpira unateleza kama juu ya vigae, na mtu aliyekulia kwenye nyasi nzito za viwanja vyetu vidogo hana namna ya kuizoea kasi hiyo kwa siku mbili za mazoezi. Ijumaa jioni mchujo unapita, wenye alama mbaya wanaondolewa, na wengi wao wanafunga mifuko kwa mkwaju mmoja au miwili. Mikwaju hiyo haipotei kwa sababu ya draiva.

Nauheshimu sana ule mchujo wa Ijumaa. Ndiyo maana ligi ya gofu ya kulipwa ya LIV, iliyoanza 2022 kwa raundi tatu bila mchujo wowote, haijanigusa moyo hata ilipochukua majina makubwa. Mtu anayejua atalipwa hata akiwa wa mwisho hawezi kunionyesha anachokionyesha kijana wa Mumias au Nyeri anayehitaji kuutumbukiza mpira wa futi sita ili acheze Jumamosi.

Na yuko mshindi mmoja wa Kenya Open ambaye kila mtoto anayebeba mifuko angepaswa kuijua habari yake. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda Nairobi mwaka 1978, na mwaka uliofuata akatwaa shindano kubwa la The Open huko Uingereza. Utotoni alikuwa kedi. Alijifunza gofu kwenye mchanga wa pwani ya kwao, Pedreña, kwa fimbo moja, chuma namba 3. Kwa fimbo hiyo alijifunza kuupandisha mpira, kuushusha, kuupinda kushoto na kulia, na kuutoa mchangani.

Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mimi. Nilianza kubeba mifuko nikiwa na miaka 12. Watoto sita tulikuwa na fimbo moja, chuma namba 7 kilichotupwa na mwenyewe baada ya kupinda. Mpini wake tuliuviringishia mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Maji yakitoka jioni tulishuka ufukweni, tukachimba shimo kwa kifuu, tukapiga hadi giza. Mkono wa mtoto uliojua kuipiga ile fimbo iliyopinda ndio mkono unaonisaidia hadi leo kusi likivuma.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa viongozi wa klabu za hapa Pwani. Klabu nyingi huwaachia makedi uwanja siku ya Jumatatu. Hilo ni jema, lakini siku moja haitoshi, na grini ya mazoezi inakaa tupu jioni nyingi za wiki. Wafungulieni jioni mbili zaidi, saa kumi na moja hadi magharibi, grini tu, hakuna atakayeharibu fewei, ile njia ya nyasi inayoelekea grini. Na hata mara moja kwa mwezi ikateni grini ile chini kabisa, vijana waijue kasi ya Muthaiga kabla hawajakutana nayo siku ya hesabu.

La pili, tuwe na shindano la fimbo tano kila baada ya miezi mitatu, makedi na wanachama pamoja. Kila mtu achague tano zake. Mwenye mfuko wa laki tatu na mwenye fimbo za kuazima wataanza wakiwa karibu sawa, na tutaona nani anajua kupiga.

Ile draiva niliiuza. Nilipata shilingi 31,000. Sehemu ya pesa hizo nikanunulia mipira iliyotumika kwa vijana wanaoiokota vichakani na kwenye miamba, shilingi 100 au 150 kila mmoja kulingana na mikwaruzo, nikapata ndoo nzima. Ndoo hiyo iko kwenye buti ya gari langu. Klabu yetu ikikubali kuifungua grini siku za Jumatano, nitakuwa pale saa kumi na moja, na kijana yeyote atakayekuja hahitaji kuleta chochote ila fimbo moja.

Mchezaji wa ridhaa,
Tudor, Mombasa