Mpwa wangu, toa hedifoni uje tupige pamoja

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia kutwa unajifungia chumbani huko Mikindani na kinanda chako. Bidii hiyo naiheshimu sana. Ila tangu nikusikie ukipiga kwenye ile harusi ya Ligula kuna jambo limenikaa moyoni, na kwa kuwa vijana wengi hapa Mtwara wanajifunza kama wewe, nakuandikia hadharani.

Vidole vyako ni vyepesi, Mungu amekujalia. Lakini mpiga besi alihangaika mpaka mwisho, maana mkono wako wa kushoto ulikuwa unapiga besi yake. Ukiwa peke yako, sawa, jaza kila pengo. Mwenye besi akiwepo, kule chini ni kwake. Akishika noti ya C, wewe E na G zinakutosha. Kodi, yaani noti zinazolia pamoja, itasikika kamili.

Na ukishika kodi nzima, kutoka kodi ya C kwenda ya F usirushe mkono mzima. Acha kidole kwenye C, E ipande iwe F, G ipande iwe A. Zimehama noti mbili tu! Msikilize anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya: mara nyingi naye hubaki palepale, au husogea hatua moja. Kodi nzuri nyingi nimejifunza kwa waimbaji wa sauti ya pili.

Zile staili za kinanda, midundo inayojipiga yenyewe, zizime. Hazijui mwimbaji anapotaka kuvuta pumzi. Mpiga ngoma aliyekulia kwenye sindimba anajua. Transipozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda chote, nayo iache. Funguo, yaani noti ambazo wimbo unaweza kujengwa juu yake, ni 12, na mwalimu wa kwaya huanzisha wimbo popote sauti yake ilipo. Mfuate kwa sikio.

Mpiga piano wa jazi Herbie Hancock alijiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963, ana miaka 23. Amesimulia mwenyewe kwamba usiku mmoja jukwaani alipiga kodi isiyo yake kabisa. Miles akatulia kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya kodi ile iwe sahihi. Usikivu wa namna hiyo, mpwa wangu, hauupati chumbani.

Nimeshaongea na mpiga besi wetu. Njoo Shangani Jumamosi alasiri, tuna mazoezi. Wimbo wa kwanza usiguse kinanda. Kaa karibu naye, tazama kidole chake kinashuka wapi ngoma ikidunda. Wa pili, shika kodi mbili tu. Nauli ya daladala nitakurudishia.

Mjomba wako