Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Wilson ipewe banda la historia yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu Uwanja wa Ndege wa Wilson, hapa Nairobi. Ninaomba banda moja uwanjani litengwe kuhifadhi historia ya uwanja wenyewe, ya ndege ndogo zilizoujenga, na ya watu waliozitengeneza na kuzitunza.

Mwaka 1929, Bi. Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, na ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Ndege hiyo ilitoka kwenye kiwanda cha de Havilland kilichokuwa katika uwanja mdogo wa Stag Lane, kaskazini mwa London, ambako Geoffrey de Havilland alirusha Moth ya kwanza mwezi Februari 1925. Ilikuwa ndege ya mbao: mbavu nyembamba za bawa zilifunikwa kwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza hadi kikawa kama ngozi ya ngoma. Mabawa yake yalikunjwa kuelekea nyuma ili iingie katika kibanda kidogo, na fundi mwenye sindano, gundi na subira aliweza kuziba tundu la kitambaa mbali kabisa na kiwanda. Kwa nchi isiyokuwa na barabara za kutegemewa wala karakana kubwa, ndege ya namna hiyo ndiyo iliyofaa. Baadaye de Havilland walitoa Moth yenye kiunzi cha mabomba ya chuma kwa ajili ya wateja wa nchi za mbali, ambako joto na unyevu vilisumbua mbao.

Marubani wa Kenya walizifikisha ndege ndogo za aina hii mbali sana. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege, na Markham mwezi Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika Vega Gull iliyoundwa na kampuni ya Edgar Percival, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi kwa zaidi ya saa 20, akatua kwa shida Nova Scotia, Kanada. Ubavuni mwa ndege hiyo ziliandikwa herufi VP-KCC, yaani ilikuwa imesajiliwa Kenya. Ni watoto wangapi wa shule za Lang'ata na Kibera, wanaozisikia ndege za Wilson kutwa nzima, waliowahi kuambiwa habari hiyo?

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, ndege za Wilson Airways zilichukuliwa kwa kazi ya jeshi, na shirika likafungwa mwaka 1940. Uwanja, uliokuwa ukiitwa Nairobi West, ulipewa jina la Wilson mwaka 1962. Wakati huo Madaktari Warukao wa shirika la afya la AMREF, walioanza mwaka 1957, walikuwa tayari wakitumia ndege ndogo kuwafikia wagonjwa wa vijijini.

Mheshimiwa, Stag Lane haipo tena. Jiji lilipoukaribia, ardhi yake iliuzwa kwa ujenzi wa nyumba, kiwanda kikahamia Hatfield, na kufikia mwaka 1934 ndege zilikuwa zimekoma kuruka pale. Wilson nayo imezungukwa na jiji, lakini ingali hai, na bado ina karakana ambamo mafundi hufungua injini za ndege ndogo kila siku. Ndiyo maana naona huu ndio wakati wa kutenda, kabla mipango mingine ya ardhi haijatutangulia.

Naomba Wizara iielekeze Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya itafute banda hilo, ikishirikiana na Makumbusho ya Taifa na klabu ya marubani iliyopo uwanjani. Kazi ianze kwa kukusanya vitabu vya kumbukumbu za safari, picha na vifaa vya zamani, na kwa kurekodi sauti za mafundi wastaafu, ambao majina yao hayatajwi pale marubani wanaposifiwa. Hao wahojiwe kwanza, kwa kuwa wengi wao ni wazee, na kazi hiyo haihitaji kungoja bajeti ya jengo.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Lang'ata, Nairobi