Shoga, nimekaribishwa ndani

Lamu, Jumanne usiku

Shoga yangu wa roho,

Assalaam alaykum. Habari za Mkunazini na Unguja yote, habari za mama na mguu wake, habari za wanao? Sisi hatujambo, alhamdulillah. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa taa ya simu, herufi zikipanda na kushuka nisamehe.

Najua umekasirika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. "Umekwenda Kenya ukawa Mkenya." Haki yako kusema, miezi miwili na nusu kimya si udugu. Lakini sikuwa na la kukuandikia lisilokuwa uongo. Ningekuandikia kwamba mji ni mzuri, na mji ni mzuri kweli, huku mimi nalia jikoni. Sasa ninalo la kukwambia. Na nina ombi pia, nitalitaja huko mbele, usiiweke barua kabla hujafika.

Kazi ya mume wangu unaijua, lakini hujui ilivyo mbali na mimi. Bandari hii mpya, iliyofunguliwa 2021, haipo kisiwani. Ipo ng'ambo, bara, upande wa Kililana. Kwa hivyo alfajiri tukishasali anashuka gatini, anapanda boti ya Mokowe, na huko ndiko winchi yake iliko. Siku za kawaida anarudi magharibi. Meli ikiingia, analala huko huko. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi nimeshafagia vyumba viwili, nimeshaosha vikombe viwili, kazi imekwisha. Kule kwetu saa hiyo wewe ungekuwa umeshanipigia hodi mara mbili, mara chumvi, mara habari.

Basi nikatoka. Nimetembea, mwenzangu, mpaka ndara zangu zimekatika ukanda. Nimeijua njia ya pwani yote, na Usita wa Mui, ile njia yao kubwa inayokwenda sambamba na pwani, ambayo kwa ukubwa wake punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima asubiri. Nimekaa Mkunguni mbele ya ngome nikawatazama wazee wanavyocheza bao. Ngome yenyewe nimeingia. Ilianzwa 1813 ikamalizika 1821, na mpaka 1984 ilikuwa jela, hebu fikiria, jela katikati ya mji, wafungwa wanasikia soko. Nimefika makumbusho nikasimama mbele ya siwa ya Pate, baragumu la pembe ya ndovu iliyochongwa yote, ndefu kuliko mwanao wa mwisho. Nimekwenda msikiti wa Riyadha nikasali. Nimetembea ufukweni mpaka Shela maji yalipokupwa, nikaona vile vilima vya mchanga ambavyo mji mzima unakunywa maji ya chini yake.

Kila usiku mume wangu ananiuliza, "Leo umefika wapi?" Nami namtajia. Ngome. Siwa. Shela. Anafurahi, anakula, analala. Anadhani mke wake anastarehe.

Shoga, kilichoniumiza ndicho kile kile mlichonituliza nacho wakati naondoka. Wewe ulisema, mama akasema, hata Mama Raya alisema: "Unakwenda kwenu, Waswahili wenzio, Waislamu wenzio, utaona kama hujaondoka." Laiti ningepelekwa Uturuki! Ningejua mimi mgeni, ningejipanga kigeni. Lakini hapa mlango umechongwa nakshi kama wa kwetu, baraza ni ile ile, boriti za mikoko ni zile zile, halua, kahawa tungu, bui bui, adhana. Unapita unasema huyu ni fulani, kumbe siye. Nina kila kitu cha kwetu isipokuwa mlango mmoja wa kubisha hodi. Nimewahi kusimama mbele ya nyumba moja inayofanana na yenu, mpaka kile kiraka cha chokaa karibu na kizingiti, nikasimama tu. Mtu akatoka akaniuliza namtaka nani. Nikasema nimepotea.

Kijana wa makumbusho aliponisikia natoka Unguja akanieleza kwamba Lamu imetiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nikamwambia Mji Mkongwe wetu 2000. Akasema, "Mumetutangulia kwa karatasi, si kwa umri." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu ya wiki nzima, na mpaka leo nampenda kijana yule kwa kunijibu.

Na hapa niseme jambo halafu niliache. Huyo aliyempelekea mama habari kwamba mimi nazurura peke yangu mitaani, mwambie nimeshajua. Nimezunguka, ndiyo, mchana kweupe, nimejistiri, na mume wangu anajua kila ninapofika. Alitaka nikae baina ya kuta mbili miezi mingapi? Mama alinipigia simu analia. Nimemtuliza, lakini moyo wangu haujatulia, na akija kwako na maneno hayo naomba usimpe hata maji. Hapana, maji mpe. Basi.

Sasa nikwambie la Alkhamisi.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, saa ambayo mji mzima umelala ila punda. Nilikuwa kwenye kichochoro kimoja cha mtaa wa Mkomani nilichokipita labda mara ishirini. Juu yake pana wikio, ndivyo wanavyokiita, yaani chumba kilichojengwa kikavuka njia na kushika nyumba ya huku na nyumba ya kule. Chini yake kivuli na baridi. Nikasimama kupumua. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na dakani, pale pa kukaa kabla hujaingia, amekaa bibi mmoja na leso yake kichwani. Akanitazama. Kisha akasema:

"Mbona huteki, mwanangu? Ndoo."

Hebu isikilize kwa sikio la Unguja. Mbona huteki. Ndoo. Mimi nikajua bibi anataka kutekewa maji. Nikaangaza huku na huku kutafuta ndoo siioni, nikamuuliza, "Iko wapi, bibi, nikutekee?" Akanyamaza. Ndani vikaruka vicheko vya wanawake, akatoka msichana mmoja, akanishika mkono kabisa, akanieleza polepole kama anayemfunza mtoto. Kwao macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Na ndoo ni njoo. Bibi hakutaka maji. Aliniuliza mbona sicheki. Kumbe alikuwa ananiona kila siku napita na uso umefunga, akawa anangoja siku nitakayosimama. Mbona hucheki, mwanangu? Njoo.

Nililia, shoga. Pale pale dakani, mbele ya watu nisiowajua majina. Mume wangu, anayenipenda, nilimficha miezi miwili, na ajuza asiyenijua alinisoma kutoka kwenye baraza yake.

Wakaniingiza. Ukitoka daka unapita tekani, sehemu iliyopinda kidogo makusudi, ndiyo maana ukipita njiani huoni kitu hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, uwanja wenyewe ulio wazi juu. Kisha vyumba, virefu na vyembamba kama vya kwetu, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haina ubishi. Huko mwisho kabisa ukuta mzima ni zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, za chokaa iliyochongwa, na ndani ya kimoja wameweka saa, kingine dawa ya bibi ya presha.

Na wanawake wanne chini kwenye mkeka wanashona kofia.

Ungeniona! Wao wanashona kofia ya vito. Kitambaa cheupe kimekunjwa mara mbili, mchoro kwa penseli, halafu vijitundu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikaa ubavuni mwa yule msichana nikahesabu. Anatoboa, anazungusha uzi ukingoni, anavuta, anazungusha, mara kumi na moja kwa tundu moja, ndipo anahamia la pili. Kidole chake cha shahada kimeota sugu pale sindano inaposukumwa, sugu ile ile ya mama yangu, mahali pale pale. Nikaomba sindano. Hawakuniuliza kama naweza, walinipa tu. Nilitia matundu sita. Bibi akakiinua kitambaa dirishani, akaangalia mwanga ukipita, akauliza, "Mefunzwa na nani?" Nikasema mama. Akasema, "Ilete yako tuione."

Ndiyo ombi langu hilo, linakuja, subiri.

Kabla sijaondoka bibi alininyooshea kidole juu, upande wa wikio. Akasema alipokuwa msichana alikuwa akitoka nyumba hii akafika nyumba ya tatu bila kukanyaga njia. Juu kwa juu. Harusi, msiba, kuazima kinu, yote wanawake waliyamaliza huko. Nilipotoka nikasimama tena kichochoroni nikatazama juu. Miezi miwili na nusu nimezunguka mji wa njiani, mji wa wanaume na punda, nikajidanganya nimeijua Lamu. Mji wa wanawake wenzangu ulikuwa juu ya kichwa changu, napita chini yake kila siku.

Usiku ule nikamwambia mume wangu kila kitu. Aliacha kula. Shati lake lilikuwa bado lina chumvi ya bahari, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nasikia ngome, nasikia Shela, nikafurahi. Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Nilimwonea huruma kwa ule mkono ulioganda juu ya sinia. Anashinda juu angani ndani ya kijumba cha vioo, peke yake, naye vile vile hana wa kuzungumza naye. Tumeficha upweke kila mtu upande wake, tumelala kitanda kimoja.

Ndipo akatoa lake. Wamemwongezea mwaka mmoja. Barua anayo wiki mbili mfukoni, hakutaka kunionesha. Amesema, "Ukisema turudi, tunarudi." Anatakiwa kujibu mwisho wa mwezi.

Tangu hapo sijalala vizuri. Jana nilikwenda tena kwa bibi, nikashona mpaka alasiri, wakanipa mkate wa mofa na samaki wa kupaka, nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, au niseme nikiteka. Nikasema moyoni, nitakaa. Halafu usiku nikausikia ujumbe wako tena, na nyuma ya sauti yako muuza urojo anagonga bakuli, na mama yako anamwita mtoto. Nikasema, narudi kesho. Mwaka ni mrefu. Mama yangu anazeeka. Na naogopa kumwambia mume wangu ndiyo kwa ajili ya mkeka mmoja na wanawake wanne, nikaja nikakuta siku moja mlango ule umefungwa. Lakini pia naogopa kumvuta arudi Unguja hana kazi, akawa anakaa barazani ananitazama. Unaona? Nageuza hivi, nageuza vile.

Sasa ombi. Kwenye sanduku la mama, lile la njumu, chini ya doti za kanga za harusi yangu, pana kofia ya viua, yaani ya vijitundu vya kushona, iliyofika nusu. Ile niliyoianza mwaka uliopita, mchoro wa mkono wa mama mwenyewe. Duara la juu limemalizika, pembeni bado. Imefungwa kwenye gazeti. Nataka bibi aione, na nataka niimalizie hapa, akivaa mume wangu Idi ijulikane imepita kote kuwili. Usimtume mtoto, nenda mwenyewe. Ukimkuta yupo na huzuni, kaa naye kidogo, mwambie sauti yangu ilikuwa nzuri. Mpe mtu anayekuja Mombasa, kaka wa Mama Raya husafiri kila mwezi, mimi nitaipokea kwa basi la Mokowe. Tia na nyuzi nyeupe za duka letu lile, za hapa ni nzuri lakini mkono wangu haujazizoea.

Niambie sasa. Mguu wa mama umeshuka uvimbe? Yule binti yako amefaulu, amepata skuli gani? Mchezo wangu wa pesa wa mwezi huu umenitolea au wamenifuta? Bi mkubwa wa ghorofani bado anamwaga maji bila kupiga kelele kwanza? Lile jambo la dada yako na yule bwana liliishia wapi, maana uliniacha katikati? Na ungekuwa wewe, shoga, ungekaa? Usinijibu upesi kunifurahisha. Fikiri, kisha nipigie usiku, mume wangu akiwepo, umwambie na yeye.

Simu inazima. Kofia usiikunje, iviringe.

Ni mimi shoga yako,
wa Mkunazini, kwa sasa Mkomani