Barua ya wazi kwa wajukuu zangu wa pwani ya Mtwara

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na hasira ya mzee mnaijua: nguvu haina, maneno tele.

Alhamisi nilipita pale mnaposema kisima cha gesi kitachimbwa, nyuma tu ya vyoo vya watu. Niliwakuta na mabango, nikafurahi. Sijafika hata kwangu nikasikia kioo cha gari la mkandarasi kimevunjwa kwa jiwe. Leo wenzenu wanne wako mahabusu, na kijiweni hakuna anayezungumzia kisima. Wanazungumzia jiwe.

Mwaka 2013 wengine wenu mlikuwa mnabebwa mgongoni. "Gesi haitoki!" tuliimba mpaka sauti zikakauka, tukipinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Tarehe 22 Mei, bajeti ya Nishati na Madini ikisomwa bungeni, mji ukawaka moto. Wanajeshi wakaja, watu wakakimbilia porini. Bomba likajengwa vilevile, zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba hapa kwetu hadi Dar es Salaam, na 2015 likazinduliwa. Tulikuwa na swali la haki kabisa, kwamba mkataba unasemaje na sisi tunapata nini. Tukabaki kuitwa wahuni.

Lakini jiwe siyo linaloninyima usingizi. Ni lile daftari la mahudhurio mlilosaini.

Miaka ya nyuma kampuni moja, jina naliacha, iliitisha mkutano chini ya mwembe wetu. Soda, sambusa, bahasha ya elfu kumi. Binti mmoja mpole akapitisha karatasi ya mahudhurio, sehemu ya juu imekunjwa kwa nyuma na kubanwa na kibanio. Nikasaini. Mimi, mwalimu, niliyewachapa baba zenu kwa kujibu swali kabla ya kusoma maelekezo! Baadaye nikaiona karatasi ileile nyuma ya ripoti, imekunjuliwa: "Wananchi walioshirikishwa na kuridhia." Mimi namba 14, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ambao nauonea fahari. Niliuza kauli yangu kwa elfu kumi na sambusa mbili, tena za viazi.

Na nyie mwezi uliopita mmefanya hivyohivyo. Msiniambie mlisaini kwa ajili ya posho tu. Mwanasheria wa kampuni hataandika "kwa ajili ya posho tu".

Waangalieni wa Lamu. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulishapewa leseni mwaka 2016. Wakazi wakabeba makaratasi wakaenda baraza la rufaa za mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Hoja kubwa? Mikutano ya wananchi ilifanyika kabla ripoti ya athari haijatoka. Sasa watu walitoa maoni juu ya kitu gani? Tarehe za mikutano, wajukuu zangu, ndizo zilizopiga kelele kuliko bango lolote. Kenya wana sheria zao, lakini hata yetu ya Mazingira ya 2004 inadai tathmini ifanyike na wananchi wasikilizwe. Ombeni ripoti kwanza, msomeane kwa sauti, ndipo muende mkutanoni. Na mkisaini, andikeni pembeni kwa kalamu yenu: "Nimehudhuria, sijakubali."

Mengine kwa ufupi. Maji ya visima vyenu yapimwe sasa, kabla mtambo haujaingia. Pigeni picha kila mkorosho na kila ufa wa ukuta. Msimtegemee kiongozi mmoja, akinunuliwa mmekwisha. Kina mama wakae mbele, wao ndio watakaolala na mngurumo na taa za mtambo huku wakibembeleza watoto.

Nawalaumu, lakini nani aliwafundisha? Sisi wazee tulipanga foleni ya posho mbele yenu. Madiwani wanakuja na msafara wa wageni, wanaondoka nao. Na nchi nzima imezoea kuiona Kusini kama ghala: watu huingia kuchukua, hawaulizi wenye nyumba wamelalaje. Tumekaa gizani umeme ukikatika huku gesi ikitupita chini ya miguu.

Wale wanne nimewapelekea uji asubuhi. Mdogo wao analia usiku, askari kaniambia.

Jumamosi baada ya alasiri njooni barazani kwangu. Nakala ya sheria ninayo. Mmoja wenu aje na miwani ya kusomea, yangu imevunjika mkono mmoja.

Babu yenu, mwalimu mstaafu